Mizizi Juu ya Jiwe

Kibarazani kwangu pana mti mmoja ambao haujafika urefu wa mkono wa mtu mzima. Umesimama juu ya jiwe, na mizizi yake imelikumbatia jiwe hilo pande zote hata ikazama katika udongo wa chungu kipana kilicho chini yake. Wageni wakifika huutazama kwa mshangao, kisha huniuliza swali ambalo sasa nimelizoea: “Mwalimu, mti huu umekukosea nini hata unautesa hivi?”

Ni swali la haki. Mtu aliyefundisha na kuongoza shule kwa zaidi ya miaka thelathini hana budi kulijibu kwa uaminifu, maana laweza kuulizwa hivyo hivyo juu ya kazi yake yenyewe. Nami kwa kuwa somo langu lilikuwa historia, nitaanza kujibu kwa njia niijuayo, yaani tangu mwanzo wa jambo.

Sanaa ya kukuza mti mdogo ndani ya chombo wengi wetu tunaijua kwa jina la Kijapani, bonsai, maana yake mmea uliopandwa katika sinia. Lakini Wajapani waliipokea kutoka China, ambako huitwa penjing, yaani mandhari ndani ya sinia. Karibu na mji wa Xi'an lipo kaburi la mwana wa mfalme aitwaye Zhanghuai, wa nasaba ya Tang, lililojengwa mwaka 706. Katika kuta zake wamechorwa watumishi, na mmoja wao amebeba chombo chenye mawe na mimea midogo. Basi tangu zama hizo mmea na jiwe vilikwenda pamoja. Mchina wa kale hakutosheka na mti peke yake. Alitaka mlima mzima uingie nyumbani kwake.

Huko Japani, miti ya vyunguni inaonekana katika gombo la michoro la mwaka 1309. Tena wana mchezo wa kuigiza wa kale uitwao Hachi no Ki, ambao niliwahi kuwasimulia wanafunzi wangu. Askari mmoja aliyenyang'anywa mashamba yake alibaki fukara, hana mali ila miti mitatu ya chunguni: mplamu, mcheri na msonobari. Usiku mmoja wa theluji akabisha hodi mtawa msafiri. Kuni hazikuwapo. Yule askari akaikata miti yake mitatu, akaichoma ili mgeni apate joto. Kumbe mgeni alikuwa Hojo Tokiyori, aliyekuwa mtawala wa nchi, akitembea kwa kujificha. Baadaye akamrudishia mashamba yake, akamwongezea na mengine matatu, moja kwa kila mti. Wanafunzi walipenda mwisho wa hadithi hii. Mimi nilipenda katikati yake, pale mtu anapoichoma miaka yake yote ya subira kwa ajili ya mtu asiyemjua.

Mimi sikuzaliwa China wala Japani. Nilijifunza ualimu Butimba, mjini Mwanza, na aliyewahi kufika huko anayajua majabali yake, yaliyopangana kandokando ya ziwa kana kwamba yaliwekwa kwa mkono. Katika nyufa zake huota miti ya jamii ya mkuyu, ile ambayo wataalamu huiita Ficus. Ndege hula matunda yake na kuacha mbegu juu ya jiwe. Mche ukichipua hapo hauna udongo wa kutosha, basi huteremsha mizizi juu ya uso wa jabali, mita baada ya mita, mpaka iguse ardhi. Ikisha kugusa, ndipo mti hunenepa. Wajapani wanauita mtindo huu sekijoju, mti juu ya jiwe. Sisi wanachuo tulipita chini ya miti hiyo kila siku na hatukuipa jina lolote.

Nilistaafu mwaka 2011, na mwaka huo huo niling'oa mche wa namna hiyo uliokuwa umeota katika ufa wa ukuta wa bafu langu. Nilichagua jiwe lenye mifereji, kwa sababu jiwe laini halishikiki. Nikaosha mizizi, nikakata ule mzizi mkuu, nikaipaka mifereji matope ya mfinyanzi yaliyochanganywa na samadi, kisha nikaitandaza mizizi iliyobaki kila mmoja katika njia yake. Nikaifunga kwa kanda za tyubu ya baiskeli, nikalizika jiwe lote ndani ya ndoo ya mchanga na mboji, juu yake yakabaki majani tu. Mke wangu aliniuliza nimezika nini.

Hapo kazi ya mkono inakwisha, na kazi ya kungoja inaanza. Kwa miaka miwili sikufanya ila kumwagilia. Kisha nikawa naondoa udongo wa juu kidogo kidogo, kama unene wa vidole viwili kila baada ya miezi michache, ili mizizi izoee jua isikauke. Nilipoufikia mwisho na kufungua zile kanda, mizizi ilikuwa imelishika jiwe kiasi kwamba ukiinua shina, jiwe nalo linainuka. Mingine ilikuwa imekutana na kuungana ikawa mmoja, maana ndiyo tabia ya jamii hii.

Halafu ikaja kazi ya kuupa mti umbo, na hapa ndipo ninapopaswa kukiri. Tawi moja la chini lilikuwa limesimama mno. Nikalizungushia waya wa shaba, nikalilaza, nikafurahi. Waya huo ulipaswa kutazamwa kila wiki, kwa kuwa mti huu hunenepa haraka. Lakini nilisafiri kwa ajili ya msiba, nikakaa huko karibu miezi mitatu. Niliporudi, waya ulikuwa umezama ndani ya gome. Niliukata kipande kipande huku utomvu mweupe ukinitiririkia vidoleni. Kovu lake lipo hadi leo, limelizunguka tawi kama parafujo.

Usiku ule sikulala vizuri, wala si kwa sababu ya mti. Nilimkumbuka mtoto mmoja niliyemfundisha mwaka 1978, katika shule ya kijijini, nikiwa bado kijana. Mtoto yule alikuwa wa shoto. Nami, kama walimu wengi wa wakati ule, niliamini kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Nikamlazimisha kuandika kwa mkono wa kulia. Kila alipoisahau amri yangu nilimchapa ule wa kushoto. Alitii. Nikajisifu kwamba nimemnyoosha. Miaka mingi baadaye nilikutana naye, mtu mzima mwenye watoto, akatia sahihi yake mbele yangu kwenye karatasi ya michango ya harusi. Aliiandika kwa mkono wa kulia, polepole, kama mtu anayechora kitu asichokijua. Kisha akaninyoshea mkono huo huo akanisalimu, “Shikamoo, Mwalimu.” Sikumwambia neno, na hata sasa sijamwambia.

Tangu hapo waya nimeuacha. Watu wa Guangdong, kusini mwa China, wana mtindo uitwao Lingnan ambao hutegemea mkasi kuliko waya: hukata, huliacha tawi likue litakavyo, kisha hukata tena pale lilipoonyesha njia yake. Ni mwendo wa polepole, na kwa mzee wa umri wangu unaweza kuonekana kama mzaha. Lakini historia ya sanaa hii inanifariji. Katika mji wa Washington, Marekani, upo msonobari mweupe wa Kijapani uliokuzwa chunguni tangu mwaka 1625. Ulitunzwa Hiroshima na ukoo wa Yamaki, baba akimwachia mwana. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomu lilipoanguka kama kilomita tatu kutoka hapo, vioo vya nyumba vilipasuka, lakini ukuta wa kitalu uliukinga mti. Mwaka 1976 ukoo huo uliutoa zawadi kwa Wamarekani, taifa lile lile lililodondosha bomu, wala hawakulitaja jambo hilo. Habari yenyewe ilijulikana mwaka 2001, wajukuu walipokwenda kuutazama mti wa babu yao.

Basi, je, nautesa mti wangu? Ninamjibu mgeni hivi. Kuufunga juu ya jiwe hakukuwa mateso, kwa maana jiwe ndiko kwao, na njia za mizizi ni zile ambazo ingezitafuta yenyewe. Waya nao ulikuwa na sababu. Kosa langu lilikuwa kuufunga na kuondoka. Ama mkono wa yule mtoto haukuwa na kasoro yoyote ya kunyooshwa. Huo sikuwa na ruhusa ya kuugusa hata kidogo.

Msimu huu wa mvua niliuhamisha mti wangu kwenye chungu kipya, nikisaidiwa na mjukuu wangu. Tulifunika matundu ya chini kwa wavu wa dirisha, tukaweka changarawe, kisha udongo uliochanganywa na vipande vya mkaa. Tulipunguza mizizi ya chini kwa mkasi, tukalikaza jiwe lisiyumbe, tukauweka kivulini wiki tatu. Wenye sanaa hii hushauri kwamba upande wenye kovu uelekezwe ukutani. Mjukuu wangu alitaka kufanya hivyo. Nilimwambia augeuze, kovu likae mbele, na anipe karatasi na kalamu. Kuna barua ambayo nimechelewa kuiandika.