Nani Alisema Pwani Haikujua Rangi?

Aya moja ya Duarte Barbosa imewaganda wafumaji wa pwani yetu kwa miaka mia tano. Karani huyo wa Kireno, katika kitabu alichokikamilisha yapata mwaka 1516, anaeleza kwamba Waislamu wa Sofala walikuwa wameanza karibuni kulima pamba nyingi na nzuri, wakafuma nguo, ila nyeupe tu. Hawakujua kutia rangi, anasema, au hawakuwa na rangi zenyewe. Basi walinunua nguo za buluu na za rangi nyingine kutoka Khambat huko Gujarati, wakazifumua, wakachanganya nyuzi zake na zile nyeupe zao, wakafuma upya na kuuza kwa dhahabu.

Juu ya aya hiyo limejengwa dai zito: Mswahili alisokota na kufuma, lakini rangi aliletewa na merikebu. Dai hili husemwa kwa utulivu wa jambo lililokwisha kuthibitishwa, na wasemaji wake ni nadra kutaja ushahidi mwingine zaidi ya Barbosa.

Kuhusu usokotaji hakuna mzozo. Mwanaakiolojia Neville Chittick alifukua Kilwa vipande vingi vya vigae vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati, vile vinavyotiwa kwenye kijiti ili kizunguke vizuri uzi unaposokotwa. Ibn Battuta, aliyepita Mogadishu mwaka 1331, anasifu nguo za mji huo zilizopelekwa hadi Misri. Bara nako, huko Mapungubwe, kusini mwa Afrika, kulikuwa na vijiti vya kusokotea pamba karibu karne tatu kabla ya Barbosa kushika kalamu, kwa hiyo “karibuni” yake haifai hata kidogo. Nguo zenyewe zimeoza. Joto na unyevu wa pwani havibakizi pamba ardhini. Ndiyo maana tunabishana kwa vigae na karatasi za wageni.

Sasa tumsome Barbosa polepole. Kwanza, anatoa sababu mbili na haamui kati yake. Kutojua kazi ni jambo moja. Kukosa malighafi ni jingine kabisa, kwani fundi asiye na mbao hajaacha kuwa fundi seremala. Wanaomnukuu hubeba sababu ya kwanza na kuiacha ya pili njiani. Pili, kazi yake ilikuwa Kannur, pwani ya Malabar, na aliyoyaandika juu ya Afrika yana harufu ya habari za bandarini. Tatu, anazungumzia Sofala, ncha ya kusini kabisa ya ulimwengu wa Waswahili, mahali ambapo watu walikwenda kutafuta dhahabu. Kuipima pwani nzima kwa Sofala ni uvivu.

Panda kaskazini zaidi ya kilomita 800 na utafika visiwa vya Kerimba, Cabo Delgado, kwa watu wa Kimwani, lugha ambayo Mswahili yeyote akiisikiliza kwa makini ataokota maneno yake. Hapa ndipo penye ushahidi ambao haujapewa haki yake. Vyanzo vya Kireno vya karne ya 16 vinataja nguo iliyoitwa Maluane, iliyofumwa na Waislamu wa visiwa hivyo na kutiwa nili iliyoota hukohuko. Ilisifika kiasi kwamba Wareno waliviita visiwa vyenyewe Maluane. Mwanahistoria Malcolm Newitt ameieleza habari hii katika historia yake ya Msumbiji ya mwaka 1995, na kitabu hicho si siri. Ajabu ni kwamba wanaohubiri kukosekana kwa rangi wanakifahamu.

Na nili si rangi ya kubahatisha. Bizari unaichemsha, unatumbukiza kitambaa, kinatoka manjano. Hata mtoto anaweza. Magome ya mikoko vilevile, loweka na uchemshe, upate hudhurungi nyekundu. Nili haikubali. Majani ya mnili hulowekwa yakachacha, maji yake yakapigwapigwa mpaka yashike hewa, na machicha ya buluu yakatuama chini. Machicha hayo hayayeyuki katika maji matupu. Mtia rangi lazima ayachachushe tena mtungini pamoja na kitu kikali, maji ya majivu au chokaa, mpaka buluu ipotee na maji yageuke manjano ya kijani. Hapo ndipo nguo huzamishwa. Inapotolewa haina buluu yoyote. Hewa ndiyo inayoiletea buluu, mbele ya macho yako. Ukitaka iliyokolea, unarudia, na unarudia tena, mpaka ikaribie weusi. Mtungi ukizidi ukali au ukipoa, kazi yote imeharibika.

Watu waliomudu hayo hawawezi kuitwa wasiojua rangi. Na viungo vyake havikuwa mbali: mnili porini, majivu jikoni, na chokaa ya matumbawe ambayo pwani hii imeichoma kwa karne nyingi kujengea misikiti na majumba.

Lakini kufumua kulikuwepo, na wala hakutuaibishi. Wengine huona katika kufumua mikono mitupu ya mtu maskini. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika utafiti wake wa mwaka 1998 kuhusu mavazi na matumizi ya Waswahili kati ya 1450 na 1600, ametusaidia kuona mnunuzi mwenye kuchagua. Pate nako walifumua hariri za ng'ambo na kuzifuma upya kwa namna waliyoipenda wao, na nguo za Pate zilitafutwa pwani nzima. Upo pia ukweli wa ufundi. Nili hushika pamba bila msaada. Nyekundu ya kudumu, kinyume chake, inadai shabu, ile ya mawe, ili mzizi wenye rangi uung'ang'anie uzi, na mafundi wa Gujarati walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kununua wekundu wao na kuupanga upya kati ya nyuzi zako nyeupe ni hesabu ya kibiashara. Watu wa Venisi wangefanya hivyo, tungewaita wabunifu.

Ipo pia nadharia kwamba ufumaji na utiaji rangi wa Kerimba ni wa wageni waliohamia, kwa kuwa eti ufundi wa namna hiyo hauzuki visiwani. Sitaipotezea nafasi.

Kilichofuata kinajulikana. Karne ya 19 ilileta kitambaa cha merikani kutoka Salem, Massachusetts, na kaniki, ile nguo ya nili kutoka India ambayo bibi zetu waliivaa mpaka ikawa kana kwamba ilizaliwa hapa. Miaka hiyohiyo Unguja iliuza Ulaya marere, kuvumwani zilizobanduliwa kwenye miti ya pwani, ambazo viwanda vilizigeuza kuwa zambarau. Pwani inayodaiwa kutojua rangi ilikuwa ikiwapelekea rangi Wazungu kwa magunia. Biashara hiyo haikuuawa na ujinga wetu: mwaka 1856 mkemia kijana William Perkin alipata zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na mwaka 1897 kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani, ikawamaliza wakulima wa nili wa Bihar, India, kwa pigo lilelile.