Mbegani: chuo cha meli kwenye bahari ya ngalawa

Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, inajulikana kwa mnara wake wa taa uliojengwa enzi za Wajerumani, mwaka 1892. Mimi huvutiwa zaidi na pwani ya Bweni, kijiji cha jirani. Mashua imelazwa mchangani, fundi kachuchumaa ubavuni, anapenyeza pamba iliyolowa mafuta kati ya mbao kwa patasi butu. Anatia kalafati. Kazi hii hakuisomea darasani. Aliipata utotoni, akishika ncha ya ubao huku mzee akipima kwa jicho.

Chuo cha kufundisha uundaji wa boti kipo, tena katika mkoa huohuo wa Pwani: Mbegani, kusini kidogo ya Bagamoyo, njia ya magofu ya Kaole.

Miaka ya 1970 Norway, taifa lililolelewa na bahari, liliamua kuisaidia Tanzania kwa kile linachokijua. Fedha za shirika lake la misaada, NORAD, zikajenga Mbegani kituo cha kuwanoa manahodha, mafundi injini, waunda boti na wasindikaji wa samaki. Ilikuwa ndoto ya uvuvi wa meli. Lakini pwani yetu, ukiondoa mkondo wa Mafia na ule wa Zanzibar, kina kirefu kinaanza karibu mno na nchi kavu; samaki wa kushibisha kundi la meli hawapo. Kisha ukaja mwaka 1979: Vita vya Kagera na mafuta kupanda bei. Fedha za kigeni zikakauka. Injini inayosubiri spea kutoka Ulaya haivui hata dagaa, ilhali tanga linashonwa kijijini.

Huko Norway kwenyewe kulizuka ubishi: kituo ni cha nani, mvuvi au wataalamu waliokibuni? Mbegani ikawa inatajwa sambamba na kiwanda cha kugandisha samaki cha Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, ambacho Wanorway hao hao walikijenga Kenya, kikaelemewa na gharama ya umeme huku ziwa likirudi nyuma.

Kwa watu wa Mafia kulikuwa na kejeli nyingine. Meli walizoziona kweli zilikuwa za kukokota kamba upande wa Rufiji, na kilio chao kilikuwa majarife kukatwa usiku. Uvuvi huo ulifungwa mwishoni mwa miaka ya 2000.

Mwaka 2011 Mbegani iliunganishwa na chuo cha Nyegezi cha Mwanza chini ya Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, ambayo sasa ina kampasi pia Kibirizi, Mikindani na Gabimori. Ufugaji wa samaki umepata nafasi, na hilo ni la busara. Kabla vumbi halijatulia, mwaka 2013 ukatiwa saini na China mpango wa bandari kubwa ya Bagamoyo, na eneo lililolengwa likawa hapohapo Mbegani. Chuo kikaishi na swali la kuhama, na mazungumzo na Wachina yakakwama 2019.

Anayetaka cheti Mbegani huulizwa kwanza ufaulu wa kidato cha nne. Fundi wa Bweni haulizwi kitu. Amebakiza mbao mbili upande wa tezi, na anataka amalize kabla ya bamvua, maji yaje yaichukue mashua yenyewe.