Mshikamano wa meno bandia na kitako chake

Mshikamano wa meno bandia ni nguvu inayoliunganisha jino la kutengenezwa na kitako, yaani bamba la rangi ya ufizi linalolibeba mdomoni. Katika meno ya kuvaa na kuvua, jino na kitako kwa kawaida huwa vya akriliki (polimethili methakrilati). Kung'oka kwa jino ni hitilafu ya mara kwa mara: uchunguzi uliochapishwa Uingereza mwaka 1994 ulikuta kuwa karibu theluthi moja ya matengenezo yalisababishwa na hitilafu hiyo.

Historia
Kabla ya akriliki kuenea miaka ya 1930, vitako vilitengenezwa kwa mpira mgumu na meno kwa kauri. Kauri haiungani na kitako kikemia, hivyo meno ya mbele yaliwekewa pini za metali na ya nyuma yakatobolewa matundu ili kitako kiyakamate.

Namna muungano unavyotokea
Fundi hupanga meno kwenye nta, huyafunika kwa jasi ndani ya kasha la chuma, kisha huyeyusha nta na kujaza akriliki mbichi mahali pake. Kimiminika cha akriliki hiyo, monoma, hupenya upande wa chini wa jino na kuulainisha. Kikiiva kwa joto, minyororo ya molekuli za kitako hubaki imesukana na ya jino. Meno magumu yasiyochakaa upesi hupenywa kwa shida, kwa hiyo viwanda vingi huacha sehemu ya chini iwe laini zaidi.

Sababu za kuachana
Adui mkuu ni nta iliyosalia. Utando mwembamba tu huizuia monoma isipenye, na dawa ya kutenganishia jasi ikimwagikia jino huleta madhara hayohayo. Kinga yake ni kusuuza kwa maji safi ya moto yenye sabuni, kukwaruza upande wa chini wa jino, na kuupaka monoma kabla ya kujaza. Akriliki inayoiva kwa joto kwa kawaida hushika zaidi kuliko ile inayojiivisha yenyewe.

Mazingira ya Nyakato
Mahali pa kazi napo huathiri uivishaji; mfano ni Nyakato, iliyo upande wa mashariki wa jiji la Mwanza, kwenye barabara ya Musoma. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi za Selsiasi. Utaratibu mmoja wa kuivisha huweka kasha kwenye nyuzi 74 kwa saa mbili, kisha 100 kwa saa moja. Katika sufuria iliyo wazi, nyuzi 100 hazifikiwi huku, hivyo muda wa hatua ya mwisho haufai kupunguzwa. Vyakula navyo huyapima meno: kumenya muwa huvuta meno ya mbele kwa nje, na matobolwa makavu (viazi vitamu vilivyokaushwa) hukandamiza magego.

Upimaji na matengenezo
Waraka wa kimataifa ISO/TS 19736 wa mwaka 2017 unaeleza namna ya kupima muungano huu. Kliniki pia inaweza kuusoma kwa macho. Jino likivunjika na kuacha kipande kitakoni, muungano ulikuwa imara. Likitoka zima na safi, huenda uso wake ulichafuliwa maabara. Kwa sababu hiyo mgonjwa anapaswa kulihifadhi jino lililong'oka na kulipeleka pamoja na kitako, bila kulibandika kwa gundi ya dukani, kwani gundi hufunika uso ambao fundi anauhitaji ili kujua chanzo na kuunganisha upya.