Flashi mchana: namna ya kuuokoa uso ulioachwa gizani na jua

Bibi harusi amesimama ufukweni, jua la alasiri likiwa nyuma yake. Picha inapotazamwa, bahari na mbingu zimetoka vizuri, lakini uso wake umekuwa kivuli kitupu. Kosa hili huwapata wapiga picha wengi.

Chanzo chake ni kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera. Kwa kawaida hupima eneo kubwa la picha na kutafuta mwanga wa wastani. Mbingu inapong'aa, kamera hupunguza mwanga unaoingia, na mtu aliye mbele yake hufifia. Mwenye ngozi nyeusi huathirika zaidi, kwani ngozi hiyo hurudisha mwanga kidogo. Macho na tabasamu huweza kupotea kabisa.

Mwanga unaoingia ukiongezwa, uso huonekana, lakini mbingu hugeuka nyeupe tupu. Njia ya kupata vyote viwili ni kuwasha flashi ya kujazia.

Kamera nyingi zikiachwa zijiamulie haziwashi flashi mchana. Mpiga picha hana budi kuiwasha mwenyewe, kwa kuchagua alama ya radi.

Kisha asimame karibu, yapata mita 1 hadi 3. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga wa flashi unaomfikia mtu hubaki robo tu.

Katika kamera yenye marekebisho, nguvu ya flashi huweza kupunguzwa kwa stopu 1 au 2, ili uso usionekane kana kwamba umepakwa chokaa. Picha ya kwanza ikaguliwe, na ikiwa uso bado ni mweusi mno, nguvu iongezwe.

Kasi ya shata nayo ina kikomo. Kwa kamera nyingi za kubadilisha lenzi ni karibu 1/200 au 1/250 ya sekunde. Ikizidi hapo, sehemu ya picha hukosa mwanga wa flashi, isipokuwa flashi iwe imeundwa kwa kasi kubwa.

Taa ya simu ni dhaifu mbele ya jua; simu nyingi za kisasa huunganisha picha kadhaa zenye mwanga tofauti. Asiye na flashi anaweza kutandaza shuka jeupe mbele ya anayepigwa picha, likamrudishia mwanga usoni.

Faida nyingine ni kwamba jua likiwa nyuma, hakuna anayelazimika kukunja uso.