Mafuta, Divai na Dinari Mbili

Tunapousoma mfano wa Msamaria Mwema, tunakumbuka mafuta na divai aliyoyamimina juu ya majeraha. Mara nyingi tunazipita dinari mbili alizomwachia mwenye nyumba ya wageni. Mafuta yalituliza maumivu ya siku ile. Dinari zilikuwa mpango wa kesho yake. Historia ya tiba ya maumivu sugu katika Afrika Mashariki inatuonyesha kwamba huruma isiyo na mpango huishia njiani.

Mofini ni dawa ya zamani. Ilitenganishwa na afyuni mwanzoni mwa karne ya 19. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya ulikiri kwamba dawa za namna hii haziepukiki katika kutuliza maumivu. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa ngazi tatu: maumivu madogo ya saratani yatibiwe kwa dawa za kawaida, na yale makali kwa mofini. Hata hivyo, kwetu wagonjwa wengi waliendelea kulia usiku. Serikali ziliogopa uraibu, madaktari waliogopa sheria, na ndugu waliambiwa wavumilie.

Mwaka 1993 Dkt. Anne Merriman, Mwingereza, alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala. Aliiomba serikali iruhusu unga wa mofini uingie nchini. Unga ule ulichanganywa na maji, pamoja na rangi ya kutofautisha nguvu ya dawa, na mgonjwa akainywa nyumbani kwake. Lakini sheria ilitaka daktari ndiye aiandike, na vijijini daktari alikuwa adimu. Mwaka 2004 Uganda ilibadili kanuni: wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa wakaruhusiwa kuiandika. Dawa ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani aliyeruhusiwa kushika kalamu. Hapo ndipo nafuu ilipoanza kufika vijijini.

Hofu ya uraibu haikuwa ya bure. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, dawa za jamii hii ziliandikwa ovyo hata kwa maumivu ya mgongo, na watu wengi walikufa. Ndiyo maana mabadiliko ya Uganda yalikwenda na mafunzo na usimamizi. Mgongo na magoti mara nyingi huhitaji mazoezi na dawa nyingine, si mofini. Busara ni kumpa kila mgonjwa kinachomfaa, wala si kuwanyima wote.

Katika Kanisa letu, Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilikuwa miongoni mwa zilizotangulia kuwafuata wagonjwa majumbani kwa tiba shufaa. Kazi hiyo ni yetu sote. Marafiki wa Ayubu waliketi naye siku saba kimya, wakaharibu walipoanza kumweleza sababu ya mateso yake. Tukimtembelea mgonjwa, tumwulize kwanza: unaumwa wapi, na usiku unalala? Kisha tuulize hospitalini kwetu kama dawa ipo na nani anaruhusiwa kuiandika. Baraza la wazee linaloipeleka hoja hiyo kwa diwani au mbunge linaacha dinari mbili mezani, na mgonjwa wa kesho atakuta zimelipwa.