Michezo ya Nyimbo ya Lubumbashi: Kutoka Mbeni hadi Mufwankolo

Mwaka 1956 Elisabethville, mji ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, ulipata jumba la maigizo la kisasa, kazi ya mbunifu Mbelgiji Claude Strebelle na wenzake. Miaka minne baadaye mwanasiasa Moïse Tshombe akatangaza kujitenga kwa jimbo la Katanga na Kongo, na jumba likageuzwa bunge. Siasa haijatoka humo hadi leo: ndilo Jengo la 30 Juni, na wabunge wa jimbo ndio wanaokaa humo. Anayetafuta historia ya maigizo ya mji huu hana budi kulipa kisogo na kuelekea mitaa ya Kenya, Kamalondo na Katuba. Katika mitaa hiyo mchezo haukungoja pazia lifunguliwe, wala haukutenganishwa na wimbo.

Mzizi mmoja wake uko mbali, pwani. Ngoma ya beni ilizaliwa Lamu na Mombasa miaka ya 1890, vijana wakiiga gwaride na bendi za kijeshi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikapanda bara pamoja na askari, makarani na wachimba migodi. Katanga wakaiita mbeni. Kila chama cha mbeni kilikuwa na mfalme wake, magavana wake na madaktari wake. Mtu aliyeshinda wiki nzima akitumwa huku na huko na msimamizi wa Union Minière, kampuni ya migodi, Jumapili alitembea kifua mbele akiwa na cheo, na watu wakampigia saluti. Wakoloni waliitazama kwa jicho la wasiwasi, na hawakukosea: palipo na watu wanaozoea kuigiza utawala, utawala wenyewe hupungua uzito.

Hali ya hewa nayo ilipanga ratiba. Mvua za Lubumbashi hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Aprili. Zikikatika, uwanja wowote unaweza kuwa jukwaa, ingawa usiku wa Juni hapa huwa na baridi ya kumfanya mtazamaji ajifunike blanketi.

Kisha ikaja Amerika ya Kilatini, tena ndani ya bahasha za karatasi. Kuanzia 1933 santuri za G.V. zilileta Kongo muziki wa Kuba, na rumba ikapata makao mapya. Katika mtaa wa Kenya (usichanganywe na nchi) wakatokea vijana waliojiita Jeunes Comiques de la Kenya, kwa kifupi Jecoke. Walivaa suti na kofia, wakacheza, wakaimba na kuchekesha katika onyesho lilelile moja. Edouard Masengo, nduguye mpiga gitaa mashuhuri Mwenda Jean-Bosco, alipiga gitaa pamoja nao.

Wamisionari nao walikuwa na jukwaa lao. Mbenediktini Anschaire Lamoral aliunda kwaya ya watoto iliyochukua jina la misalaba ya shaba ya Katanga. Kwake alipitia Joseph Kiwele, mzaliwa wa Mpala mwaka 1912, aliyetunga mchezo wa muziki *Chura na Nyoka*, hadithi ya wanyama iliyopandishwa jukwaani kwa Kiswahili. Kiwele baadaye alitunga wimbo wa taifa wa Katanga iliyojitenga, akawa waziri wake wa elimu, akafariki 1961. Mwaka 1956, mwaka uleule wa jumba la maigizo, Union Minière ilipotimiza miaka 50, ikaandaliwa *Changwe Yetu*, onyesho kubwa la ngoma ambalo mwaka 1958 lilifika hadi Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Wachezaji walikuwa hodari. Lakini sherehe yenyewe, licha ya jina lake lenye maana ya “sherehe yetu”, ilikuwa ya kampuni.

Sherehe iliyokuwa ya watu ilikuwa kwa Mufwankolo. Kundi hili la wachekeshaji, lenye majina ya jukwaani kama Kachelewa na Bwana Cheko, lilijulikana redioni na baadaye televisheni, likizungumza Kiswahili chenyewe cha Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alipewa firigisi ya kuku mezani, akaambiwa msemo kwamba madaraka huliwa mazima. Firigisi haigawanywi, ni ya mkubwa. Alipowauliza waigizaji maana yake, hawakukubaliana, ndipo wakaamua kuutungia mchezo. Hawakuandika hata ukurasa mmoja. Walijadiliana, wakagawana nafasi, wakafanya mazoezi, kisha kiangazi cha mwaka huohuo wakauigiza mbele ya kamera za televisheni katika kijiji kilicho nje ya mji, pamoja na nyimbo na ngoma. Mchezo kuhusu chifu na madaraka yake, katika Zaire ya Mobutu, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo! Fabian aliuandikia kitabu mwaka 1990, na mpaka sasa ndicho kinachotueleza kwa undani zaidi jinsi kundi hilo lilivyofanya kazi.

Uzi haujakatika. Kabla ya kufariki Januari 2021, mcheza dansi wa Lubumbashi Dorine Mokha alishirikiana na mwanamuziki Elia Rediger kutunga *Hercules de Lubumbashi*, mchezo wa kuimbwa unaozihoji kampuni za migodi. Wajukuu wa wacheza mbeni wamebadilisha mavazi tu. Mwajiri bado ndiye anayeigizwa.

Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi umekusanya masimulizi ya wakazi, lakini picha na kanda nyingi bado zimo majumbani. Msomaji mwenye picha ya Jecoke au kanda ya Mufwankolo katika kabati la wazazi wake na aipeleke Makumbusho ya Lubumbashi, au walau aitolee nakala kabla mchwa na mvua za Novemba hazijaifikia.