Mwanza, mwisho wa njia ya anga

Februari 28, 1931, ndege ya kampuni ya Imperial Airways iliruka kutoka uwanja wa Croydon, kusini mwa London, ikiwa na magunia ya barua za Afrika. Kituo cha mwisho cha njia hiyo mpya hakikuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Kilikuwa Mwanza.

Njiani barua zilihamishwa kutoka chombo hadi chombo: ndege za kutua nchi kavu, ndege za kutua majini, hata treni kutoka Alexandria hadi Cairo. Kuanzia Khartoum kazi ilishikwa na Short Calcutta, ndege ya injini tatu yenye tumbo kama la mashua. Ilipandisha na mto Nile hadi Ziwa Victoria, ikapita Kisumu, ikamalizia Mwanza. Abiria walishushwa Khartoum. Mbele ya hapo zilisafiri barua peke yake. Ukiitazama ramani ya wakati ule, uamuzi wa kuishia Mwanza unaeleweka. Ziwa halihitaji kufyekwa wala kushindiliwa ili ndege itue, na reli ya kutoka Tabora ilikuwa imeshafika Mwanza tangu 1928, kwa hiyo mzigo ulioteremshwa majini ungeweza kuendelea kwa treni hadi pwani.

Siku hizi tunaposikia matajiri wakirushwa anga za juu kwa roketi za kampuni binafsi, tunaambiwa ni jambo jipya kabisa: serikali zimekaa pembeni, watu wanajilipia. Mimi nashauri kwanza tuifungue hesabu ya Mwanza.

Imperial Airways ilikuwa mali ya wanahisa, iliyoundwa 1924 kwa kuunganisha kampuni nne za Uingereza. Lakini tangu siku ya kwanza serikali iliiahidi ruzuku ya pauni milioni 1 kwa miaka 10. Kabla ya njia ya Mwanza kufunguliwa, Sir Alan Cobham alipoizunguka Afrika mwaka 1927 hadi 1928 na kufika ziwani kupima njia, mfadhili wake alikuwa Sir Charles Wakefield, tajiri wa mafuta ya mitambo, ila ndege yenyewe aliazimwa na wizara ya anga ya Uingereza. Njia ilipofunguliwa, serikali za makoloni zilizopitiwa nazo zikatakiwa kuchangia, Tanganyika ikiwamo. Na hazina ya Tanganyika ilitegemea sana kodi ya kibanda na kodi ya kichwa. Mkulima wa pamba wa Usukuma, asiye na ndugu wala deni London, alikuwa na senti zake ndani ya tangi la ndege ile.

Alifaidika muda gani? Hata mwaka haukutimia. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, na ndege zikaanza kukata kutoka Kisumu kwenda Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa kando. Ndege kubwa za majini zilipokuja 1937, zilitoka Kisumu zikaelekea Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Kampuni yenyewe iliishia mikononi mwa serikali: 1940 shughuli zake zilichukuliwa na shirika la umma, BOAC.

Sasa turudi kwenye roketi. Dennis Tito wa Marekani alijilipia safari ya anga za juu mwaka 2001. Aprili 2002 akafuata Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kufika anga za juu, kwa takriban dola milioni 20. Chombo kilichowabeba wote wawili, Soyuz, kilikuwa cha serikali ya Urusi. Septemba 2021 raia wanne walizunguka dunia siku tatu katika safari ya Inspiration4, bila mwanaanga wa serikali hata mmoja. Walibebwa na SpaceX, kampuni iliyokuwa hoi kifedha hadi NASA ilipoipa mkataba wa dola bilioni 1.6 mwishoni mwa 2008, na waliruka kutoka Kennedy Space Center, eneo la serikali, kwenye jukwaa lililojengwa enzi za safari za mwezini.

Kanda yetu nayo ina wake. Ashish Thakkar, mfanyabiashara wa Uganda ambaye wazazi wake walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972, alinunua tiketi ya kampuni ya safari za anga za juu, Virgin Galactic, na magazeti yakaanza kumwita mwanaanga kabla hajavaa hata suti. Ni mnunuzi, si mjenzi. Sina ugomvi naye. Pesa ni yake.

Anayenivutia zaidi ni Chris Nsamba, ambaye karibu na 2011 alikusanya vijana wa kujitolea katika ua wa nyumba ya mama yake, Ntinda, Kampala, wakaanza kuunda ndege waliyoiita African Skyhawk. Lengo alilolitangaza lilikuwa kutoka hapo hadi chombo cha kupeleka mtu anga za juu. Dunia ilicheka, na wahandisi walikuwa na sababu za kucheka. Lakini Skyhawk ilianza kwa michango ya wanachama na wasamaria, bila pauni milioni ya ruzuku, bila mkataba wa NASA, bila kodi ya kibanda. Tofauti na Imperial Airways, vijana wa Ntinda walianza kwa pesa ya mfukoni mwao na ya wasamaria.